Daftari la Baba na Macho ya Ndugu

Nilifanya kazi ya ukarani wa masjala kwa miaka thelathini na minne, hapa hapa Arusha, na kama kuna kitu ninachoweza kusema kuwa nakijua, basi ni jalada. Najua linavyofunguliwa, linavyopewa namba, linavyosafiri kutoka meza hii kwenda meza ile, na linavyopotea. Najua tofauti ya masjala ya wazi na masjala ya siri. Lakini jambo moja mikono yangu ililijua kabla ya akili: jalada huandikwa jina la mtu mmoja juu yake, na ndani yake wamo watu wengi. Fungua la mtumishi aliyeomba uhamisho. Utamkuta humo mkewe mgonjwa, mama yake aliyebaki peke yake kijijini, na mtoto asiyesikia anayetafutiwa shule. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa kama anapenda kuingia humo.

Nimelikumbuka jambo hilo kwa sababu ya daftari moja dogo la shule, ambalo mwenyewe alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza moja karibu na Soko Kuu, na jioni alirudi kwa miguu nyumbani kwetu Themi. Alipofika miaka sitini hivi, tulianza kuona mambo yasiyolingana. Akivaa miwani yake alitunga uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu. Lakini akiinuka, bega linagonga mwimo wa mlango. Birika la chai lililokuwa pembeni mwa meza alilipiga kumbo kama halipo. Siku moja, kwenye Barabara ya Sokoine, baiskeli ilimtokea kulia ikamwangusha, naye akaapa kwamba haikuwapo. Majirani wakaanza kunong'ona kuwa fundi siku hizi anapitia kilabuni. Baba hakuwa mnywaji. Lakini nani angeamini kuwa mtu anayeona tundu la sindano haoni baiskeli?

Ndivyo ugonjwa huo ulivyo. Madaktari huuita glakoma, na wengi wetu huuita presha ya macho. Jicho hutengeneza maji ndani yake na kuyatoa. Njia ya kutokea isipofanya kazi vizuri, mara nyingi shinikizo hupanda, na neva inayopeleka habari za jicho kwenye ubongo hufa uzi mmoja baada ya mwingine. Kwa kawaida huanza kupotea yale ya pembeni. Katika aina iliyo ya kawaida kwetu hakuna maumivu. Kilichobaki katikati huendelea kuonekana vizuri kwa miaka, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mtoto wa jicho anaweza kuondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Neva iliyokufa hairudi. Dawa ya matone na upasuaji hulinda kile kilichobaki tu. Kwa hiyo katika maradhi haya, siku ya kujua ndiyo kila kitu.

Babu yangu naye alikufa akiongozwa kwa mkono. Kule Poli, kwenye miteremko ya Meru, ilisemwa kuwa aliwahi kung'oa masale ya mpaka wa jirani, na kwamba macho yake yaliondoka na ule mpaka. Baba yangu mdogo naye alipoanza kujikwaa, ikasemwa ni pombe. Kila mmoja alipewa sababu yake. Hakuna aliyewapanga watu hao watatu katika mstari mmoja na kuuliza wana nini cha pamoja.

Baba alifariki mwaka 2011. Tulipofungua sanduku lake la bati, chini kabisa, chini ya vitambaa na vifungo, tulikuta daftari ambalo aliandikiwa matibabu, kama yale ambayo wagonjwa wengi wa nchi hii hutakiwa kuyanunua wenyewe. Katika ukurasa wa mwaka 2003, chini ya jina la ugonjwa na la dawa, daktari alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ili asomeke na kila mtu: ndugu wa tumbo moja na watoto wote wapimwe macho.

Miaka minane. Baba alikuwa anajua kusoma. Hakumwambia mtu yeyote.

Tulipokwenda kupima, mimi nilikutwa na shinikizo lililopanda na neva iliyoanza kulika kidogo. Natumia timololi hadi leo, na leo naandika haya kwa macho yangu mwenyewe. Kaka yangu, ambaye ni mkubwa kwangu kwa miaka sita, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia limebaki nusu. Nilijaribu kulitafuta jalada la baba katika hospitali aliyotibiwa, ili tujue yote aliyoambiwa. Niliambiwa majalada ya miaka ile yaliliwa na mchwa. Kwa karani, hakuna jibu chungu kuliko hilo. Kwa hiyo daftari lile la sandukuni lilikuwa nakala pekee duniani.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia baba. Baadaye nikaanza kumwelewa, jambo ambalo ni gumu zaidi. Mwaka 2003 mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaposwa. Kila anayeijua nchi yetu anajua kuwa kabla ya mahari kupokelewa, wazee wa upande wa pili huuliza kwa chini chini: ukoo huo una nini? Kuna kifafa? Kuna ukichaa? Kuna upofu? Baba aliona kuwa akilitamka neno lile, analitamka juu ya binti yake. Na zaidi ya hapo, aliamini jambo ambalo karibu sote tunaliamini: kuwa jicho langu ni langu, ugonjwa wangu ni wangu, na kuficha au kusema ni haki yangu.

Hebu tulipime wazo hilo. Mwaka 1998 madaktari wa Rotterdam, Uholanzi, walichapisha matokeo ya kuwapima ndugu na watoto wa wagonjwa wa glakoma, wakiwalinganisha na ndugu na watoto wa watu wasio na ugonjwa huo. Walikadiria kuwa hadi kufika umri wa miaka 80, ndugu wa wagonjwa 22 katika kila 100 wangeupata. Katika kundi la pili hawakufika watatu. Na kwetu? Katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, zaidi ya watu 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea walipimwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kuwa takriban wanne katika kila mia walikuwa na glakoma. Kwa hiyo daktari alipouandika mstari ule, hakuwa anaandika habari za baba peke yake. Alikuwa anaandika habari za kaka yangu. Jina la juu lilikuwa moja, na ndani tulikuwamo wanane: ndugu zake watatu waliokuwa hai, na sisi watoto watano.

Kama hivyo ndivyo, baba hakuwa na siri. Alikuwa na ujumbe aliopewa awafikishie wengine, akauweka sandukuni. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa aliyeumbuliwa hakuwa mficha maradhi. Alikuwa mwanawe.

Nilidhani nimefika mwisho wa fikra zangu. Kumbe nilikuwa nimefika nusu ya njia tu.

Mwaka 2024 binti wa dada yetu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Leicester, Uingereza, alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za baridi?"

Akaniambia amepata mwaliko wa kujiunga na mpango uitwao Our Future Health, ulioanza kuandikisha watu mwaka 2022, na unaokusudia kufikisha watu wazima milioni tano. Mtu anajibu maswali, anatoa damu, na anaruhusu kumbukumbu zake za hospitali ziunganishwe na vinasaba vyake, yaani chembe za urithi. Jina huondolewa, kisha watafiti wa vyuo, na hata wa makampuni ya dawa, wakiidhinishwa, huruhusiwa kuzichambua.

"Mjomba, damu ni yangu," alisema, "lakini babu yumo humo. Na wewe umo. Nimeona si vizuri nitie saini kabla ya kuwauliza."

Nilifurahi, kwa kuwa alikuwa amelijua akiwa na miaka thelathini jambo nililolijua mimi nikiwa nakaribia kustaafu. Nikapanda daladala hadi Tengeru, nikaenda Poli kwa kaka. Na kaka akasema hapana.

Kaka yangu ni mmoja wa wazee wa mfereji kule kijijini. Amegawa zamu za maji kwa miaka mingi, na hoja zake hutoka huko. Alinijibu hivi: "Maji yakiwa kwenye zamu yangu, nayafungulia, nayafunga. Yakishavuka shamba langu yakaingia kwa mwenzangu, siwezi kuyaita yarudi. Huyo mtoto anataka kuyafungulia maji yetu sote, na hajui shamba la mwisho ni la nani."

Nilitaka kumbishia. Lakini nilipotafakari, niliona kuwa mzee asiyeona vizuri ameona mbali. Mfano ninao. Watu zaidi ya 60,000 nchini Uingereza walipigwa picha za ndani ya macho kwa ajili ya hazina ya kumbukumbu iitwayo UK Biobank. Walikubali picha zao zisaidie utafiti wa maradhi. Mwaka 2018 wataalamu wa kompyuta walionyesha kuwa mashine iliyofundishwa kwa picha za namna hiyo inaweza kukisia umri wa mtu, na kama ni mwanamume au mwanamke, mambo ambayo daktari bingwa akiitazama picha hiyo hiyo hayaoni. Ukitoa kumbukumbu leo, hutoi kile kinachosomeka leo tu. Unatoa na kile kitakachosomwa kesho na msomaji ambaye bado hajazaliwa.

Tena sisi Watanzania tuna somo letu wenyewe. Ualbino si suala la ngozi tu. Ni suala la macho pia, maana mwenye ualbino huzaliwa na uoni hafifu, na mwanga wa jua humuumiza. Mwaka 1995 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya Watanzania wenye ualbino, na wengi wao walikutwa na kasoro ile ile moja: kipande kidogo kilichokosekana katika jeni inayohusika na rangi ya mwili. Kasoro hiyo mtoto hana budi kuipata kwa baba na kwa mama, kila mmoja akiwa ameibeba bila kujua. Fikiria uzito wa habari hiyo kwa mama anayetuhumiwa kuwa amezini! Ilitosha kumsafisha kwa sentensi moja. Lakini jibu lilichapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la Marekani. Zaidi ya miaka kumi baadaye, watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa nchini mwetu kwa imani za kishirikina, jibu hilo lilikuwa bado halijafika kwenye vijiji vingi. Na katika siku hizo za giza, orodha ya majina ya watoto wenye ualbino, ambayo mwalimu na muuguzi waliihitaji ili wagawe miwani, kofia na mafuta ya kukinga jua, mikononi mwa mtu mwingine ingekuwa orodha ya mawindo. Karatasi ni ile ile. Ubaya na wema viko katika mkono unaoishika.

Basi, tukatae? Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu kukataa nako kuna mhanga wake. UK Biobank iliandikisha watu 500,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 69, kati ya mwaka 2006 na 2010, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni Wazungu. Maarifa mengi yanayotafutwa humo yanawahusu kwanza wale waliomo. Ilhali glakoma huwapata watu wenye asili ya Afrika mara nyingi zaidi, na mapema zaidi. Januari 2024 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya zaidi ya watu 11,000 wenye asili ya Afrika, na walibaini vyanzo vya hatari ya glakoma ambavyo tafiti zilizotangulia hazikuwa zimevionyesha. Vilikuwamo siku zote. Aliyekosekana ni mtu wa kutazamwa.

Na damu peke yake haitoshi. Kumbukumbu za wagonjwa ni lazima ziwepo, maana si kila kinachoandama nyumba hupitia katika damu. Zipo boma za wafugaji ambamo bibi, mama na mtoto wote wana trakoma, ile ya kope kugeukia ndani na kukwaruza jicho. Mtu angeapa kuwa ni urithi. Siyo. Ni bakteria wanaobebwa na mikono, khanga na nzi, na hutibiwa kwa dawa, usafi wa uso na maji. Asiyeandika nani aliugua, lini, wapi, na aliishi na nani, ataulaumu ukoo kwa makosa ya kisima kilicho mbali.

Nilirudi Themi nikiwa na hoja mbili zenye nguvu sawa, na nikazichukua kama ambavyo ningechukua majalada mawili yaliyochanganywa: nikayatenganisha. Nikagundua kuwa tulikuwa tunajibu maswali mawili kwa jibu moja.

Swali la kwanza ni la ndugu. Je, ninawiwa kumwambia ndugu yangu kile ambacho daktari ameniambia, ikiwa kinamgusa yeye na bado ana muda wa kujiokoa? Hapa sioni nafasi ya hiari. Ni deni. Aibu ya posa haikilipii kilichopotea kwenye jicho la kaka yangu. Hata daktari akifungwa na kiapo cha kutunza siri, na ninaona ni vyema afungwe, mgonjwa hafungwi na kiapo hicho. Yeye ndiye tarishi.

Swali la pili ni la sayansi. Je, ninawiwa kumpa mtafiti damu yangu na jalada langu? Hapa sioni deni. Hii ni zawadi, na zawadi inayodaiwa si zawadi tena. Mtoaji ana haki ya kuuliza: inakwenda wapi, ni nani ataishika, na je, jibu litarudi kijijini kwa lugha inayosomeka? Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na za vinasaba kuwa nyeti, na utafiti wa tiba hapa nchini huhitaji kibali cha kimaadili, ambacho katika ngazi ya taifa hutolewa kupitia NIMR. Ni uzio mzuri. Lakini uzio hauulizi maswali. Anayeuliza ni mwenye shamba.

Msomaji ataniuliza: na yule mwenye kukataa, aliyemo ndani ya damu ya anayekubali? Nakiri kuwa hapa sina jibu lisilo na doa. Kama ndugu mmoja angeweza kumzuia mwingine, basi ukoo mzima ungekuwa mateka wa mwoga wake mmoja, na huo ndio uliokuwa utawala wa sanduku la bati. Kama hasikilizwi kabisa, yeye naye amefunguliwa maji yake usiku. Nilichoweza kumwambia binti yetu ni hiki: amua wewe, kwa kuwa mkono ni wako; usitaje jina la mtu wala kueleza ugonjwa wa mtu ambaye hakukuruhusu; na ukipata jibu lolote linalohusu macho, halilali kwako hata usiku mmoja.

Alijiunga. Nilikwenda Poli kumweleza kaka, nikijiandaa kugombezwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa maji yakishapita hakuna faida ya kugombana na mfereji, ila yeye damu yake haitoi. Sikumsihi. Aliyeibiwa miaka minane kwa ukimya ana haki ya kuchagua anazungumza na nani.

Lakini deni la kwanza alilipa kuliko mimi. Nilikuwa nimetoa nakala za ule ukurasa wa mwaka 2003, moja kwa kila mtoto na kila mjukuu aliyefika utu uzima. Nilidhani nitazigawa kimya kimya. Kaka akaagiza ukoo uitwe. Siku hiyo, mbele ya wakwe na majirani, alisimama akishika fimbo yake, akasema jina la ugonjwa kwa sauti, akataja babu, akataja baba, akataja baba mdogo ambaye hakuwa mlevi, kisha akajitaja mwenyewe. Halafu, kwa kuwa hakuweza kusoma tena, akaniomba niusome ule mstari wa daktari.

Niliusoma. Akaniambia niurudie, polepole, kwa sababu mkwe mmoja alikuwa amechelewa kufika.